Mto wa Mama Mkwe

Nchi nyingine huweka mji mkuu wake katikati, mbali na macho ya majirani. Hii iliusukuma wake hadi ukingoni kabisa, hata rais akipiga chafya, ng'ambo wanamwombea afya. Mtaa wa Fundi, mshona nguo, uliishia getini. Nyuma ya geti ilianza nchi ya pili, na huko aliishi wifi yake, ambaye kwa maringo yake walimbandika jina la Balozi.

Wawili hao hawakuiva chungu kimoja. Kilichowakutanisha ni bibi mmoja, mkwe wa huyu na mzazi wa yule. Kila mwisho wa mwezi alihamishwa nyumba kwenye mstari mweupe wa getini. Mmoja anasukuma kiti cha magurudumu, mwingine anapokea, na hakuna anayekanyaga upande wa mwenzake. Salamu zenyewe hazikuwepo.

Jioni moja ya makabidhiano redio ilikuwa imetangaza kwamba serikali zimekosana. King'ora kikilia, geti linafungwa, na kufunguliwa ni mpaka wakubwa wapatane. Fundi alikuwa amekosolewa chai na mkwe wake mwezi mzima, amekosolewa mshono, amekosolewa hata anavyopumua. Alikisukuma kiti kama anayekimbizwa na mbwa.

"Mpokee mama yako."

Balozi alikunja mikono. "Mto wake uko wapi?"

"Mto gani?"

"Wa kukalia! Mimi nilikuletea mama na mto, wewe unanirudishia mama na mbao. Simpokei."

"Wifi, geti linafungwa!"

"Basi kimbia. Au umeukalia wewe kwenye cherehani?"

Kweli alikuwa ameukalia. Fundi alitimka hadi kwake, nyumba ya mwisho mtaani, akaunyakua na kurudi akihema.

Balozi aliunusa. "Unanuka mafuta ya cherehani."

Hapo Fundi akasahau mstari, akasahau redio, akasahau na umri wake. Aliruka upande wa pili, akamtandika wifi yake mto wa uso. Paa! Akaongeza wa pili.

King'ora kikalia. Geti likashuka nyuma yake.

"Fungua! Nimevuka bahati mbaya!"

"Bahati mbaya mara mbili?" aliuliza askari. "Nimekuona ukirudia."

Upande wa pili wa vyuma, mama mkwe alicheka mpaka akakohoa.

"We kijana," alimwambia askari, "nisukume hapo nyumba ya mwisho. Mwanangu wa kiume yupo. Leo atajua jiko liko wapi." Kisha akageuza shingo kwa wale wawili. "Na nyie, mto mnao. Gawaneni."

Kiti kikaondoka kikilia magurudumu. Balozi alijifuta uso, akaanza kutembea bila kugeuka.

"Kwangu viatu vinavuliwa mlangoni."

"Nani kakwambia naingia kwako?" alijibu Fundi, huku akimfuata nyumanyuma, mto kwapani.