Maneno Niachie Mimi

Jumanne, saa nne asubuhi, Mama Pumua alikuwa amekaa barazani kwake na ungo mapajani, akichambua mchele, mdomo wake uliposema: "Amekataa titi la kushoto tangu alfajiri."

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Mwalimu, mteja wake aliyejifungua siku tisa nyuma, na Mwalimu mwenyewe alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa tatu kutoka hapo, akimweleza mumewe. Mama Pumua alitoa kijiwe kimoja kwenye mchele, akakitupa uani, akachukua simu.

"Mgeuze mtoto, miguu ipite chini ya kwapa la mama yake," alisema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Hakatai titi, anakataa mkao."

"Sawa, dada," mume wa Mwalimu akajibu. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache. "Kuna swali jingine nilimuuliza hapa. Amejibu nini?"

Walingoja wote wawili. Kisha mdomo wa Mama Pumua ukasema kwamba uji wa leo uwe mwepesi kidogo.

"Nimesikia," fundi akasema, akakata simu.

Mambo yalikuwa hivyo tangu siku ya kujifungua. Mwalimu akitaka kusema, midomo yake inacheza na hakuna kitu kinachotoka, na hapo hapo maneno yanatokea kwa Mama Pumua, awe jikoni, awe sokoni, awe anapiga mswaki. Nesi aliyekuja kusafisha kidonda alisema hutokea, hasa kwa uzazi wa kwanza, akamwandikia Mwalimu vidonge vya kuongeza damu. Fundi akazoea kumpigia Mama Pumua simu ili azungumze na mke aliyekaa naye kitanda kimoja. Dada mkubwa wa Mama Pumua, aliyekuwa akiishi naye, hakuona tatizo.

"Afadhali huyu ana adabu zake," alisema huku akikunja nguo. "Ungepewa sauti ya mropokaji, mbona tungekoma."

Sasa, Mama Pumua hakuwa nesi, wala mkunga. Alikuwa msindikizaji. Mwanamke akishika mimba anamwita, naye anamsindikiza kuanzia tumbo halijaonekana mpaka mtoto anakaribia kukaa: anamkanda mgongo, anamfundisha kulala ubavu, anakaa naye kwenye benchi la kliniki, anamshika mkono siku ya siku, na baada ya hapo anakuja kumpikia na kumwacha alie bila kumuuliza analia nini. Jina alipewa na wateja, kwa sababu kutwa nzima wimbo wake ulikuwa mmoja: pumua, mama, pumua.

Na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna msindikizaji mwingine aliyekuwa nao. Mimba ikifika mwezi wa nane, alimkalisha mteja sebuleni wakafanya mazoezi ya kunyamaza. "Uchungu ukishika, mdomo wako kazi yake ni kupumua tu," alikuwa akisema. "Maneno niachie mimi." Kisha wanaandika karatasi, wanaibana kwenye faili la kliniki: mama asiulizwe lolote akiwa katika uchungu, aulizwe msindikizaji. Wanawake waliipenda karatasi ile. Mwalimu aliipenda kuliko wote, kwa kuwa yeye alishinda kutwa akipaza sauti mbele ya watoto sitini wa darasa la pili, na kuambiwa kuna siku atakuwa na ruhusa ya kunyamaza aliona ni zawadi. Akaiandika kwa mkono wake, kwa hati nzuri ya ubaoni, akapiga mstari chini ya neno "lolote".

Siku yenyewe ilifika mchana wa saa saba. Presha ya Mwalimu ilipanda, daktari akasema apasuliwe, Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwamba sawa, na mpaka hapo hakuna aliyekosa. Mtoto alitolewa akilia, wa kike, mzima. Ndipo daktari, mikono bado imo tumboni, akageuka akamtazama Mama Pumua aliyesimama kichwani kwa mgonjwa.

"Mwenzetu, unaonaje?" akasema. "Tumalize na la kizazi hapa hapa? Presha hii haitaki mchezo. Tukifunga, tumefunga."

Kwa miaka kumi na moja Mama Pumua alikuwa akiingia hospitali ile akiitwa "yule mama". Yule mama asogee. Yule mama asubiri pale penye kabati la viatu. Hakuwahi mtu mwenye koti jeupe kumwita mwenzetu, wala kumuuliza anaonaje. Neno lile lilimwingia likamshuka hadi magotini. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila hawakusema kwamba linatiwa upesi hivyo.

Mwalimu alikuwa macho, amechomwa sindano ya kiunoni tu. Alisema, "Hapana." Akasema tena, "Hapana, dada." Mara ya tatu alisema akiwa ameushika mkono wa Mama Pumua. Daktari hakumtazama, kwa sababu karatasi iliyokuwa kwenye faili ilisema asiulizwe.

"Anakubali?" daktari akauliza.

"Ndiyo," Mama Pumua akasema. "Anakubali."

Hapo Mwalimu alifungua mdomo mara ya nne, na kuanzia hiyo ya nne hapakutoka kitu. Dakika mbili baadaye, kwenye korido, Mama Pumua akijimiminia maji ya kunywa, mdomo wake ulisema hapana mbele ya mfagizi. Mfagizi alidhani anakatazwa kupiga deki, akainua ndoo yake akaenda upande wa pili.

Mwalimu hakujua ni nani aliyesema ndiyo. Alikuwa na taa usoni, dawa kichwani, na watu wote pale walivaa barakoa. Kilichofanyika alikijua kwa uhakika baada ya wiki sita, kliniki, pale nesi alipofungua faili lake na kumwambia yeye asisumbuke na mambo ya uzazi wa mpango, ameshafungwa, tena imeandikwa ameridhia.

Midomo ya Mwalimu ikacheza. Mama Pumua, aliyekaa naye benchi moja na mtoto mapajani, akauliza kwa sauti ya Mwalimu: "Nani aliridhia?"

"Imeandikwa tu mgonjwa," nesi akasema.

Mwalimu akamgeukia Mama Pumua. Mama Pumua akamweka mtoto vizuri begani, akampiga piga mgongo ingawa alikuwa ameshacheua. "Mambo ya hospitali, mdogo wangu," akasema. "Nani ayajue."

Aibu ilimshika palepale, na haikuwa aibu ya kupita. Alirudi nayo nyumbani. Na swali halikumwacha, kwa maana Mwalimu alikuwa akiliuliza kila saa: akiosha nepi, akikanda kidonda, akimnyonyesha mtoto. Mama Pumua akinunua nyanya, mdomo wake unauliza nani aliridhia. Akiwa kwa mteja mwingine, anamfundisha kupumua, katikati ya pumzi anauliza nani aliridhia. Anajiuliza mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, swali ambalo jibu lake analo yeye peke yake. Wateja walikuwa wakimwambia pole, wakidhani ni uchovu.

Shuleni Mwalimu alirudi, lakini mwalimu asiye na sauti atafundishaje? Mwalimu mkuu alimpa meza kwenye chumba cha walimu, awe anasahihisha madaftari ya wenzake. Akaandika barua ya malalamiko kwa hospitali, kwa hati ile ile ya ubaoni, na baada ya miezi mitano kamati ikamwita. Ilibidi waende wote wawili, maana mmoja alikuwa na la kusema na mwingine ndiye aliyekuwa na pa kulitolea.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, wakikaa kwenye chumba chenye viti vya plastiki na feni inayozunguka kwa hisani. Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu. Alimwambia Mwalimu aeleze. Midomo ya Mwalimu ikacheza, na Mama Pumua akasema: "Nilisema hapana. Nilikuwa nimelala chali, nikasema mara tatu, na mara ya tatu nilimshika mtu mkono."

Karani aliinua kalamu. "Naandika ni nani anasema?"

Mwenyekiti akafikiri, akasema kanuni ni kwamba maelezo huandikwa kwa jina la mdomo yalikotoka. Karani akaandika kwamba msindikizaji anadai alisema hapana.

"Ajabu," akasema daktari aliyempasua, naye akiwa ameitwa kujieleza, bila ubaya wowote. "Mimi ndiye niliyemuuliza huyu mama. Aliniambia anakubali."

Mwalimu hakumtazama daktari. Alimtazama Mama Pumua, na Mama Pumua akatazama vidole vyake vya miguu, akaona kwamba kucha moja ina ufa.

"Ulisema ndiyo?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nilisema," Mama Pumua akajibu kwa sauti yake.

"Na mgonjwa, yeye alisema nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Neno moja tu. Mama Pumua aliliona, akawaona na wale watu watatu, akamwona daktari aliyemwita mwenzetu, akafikiria benchi la kliniki na wateja wake wote, na akafikiria kabati la viatu.

"Sikusikia vizuri," akasema.

Mwalimu alifumba midomo. Karani aliandika kwamba ridhaa ilitolewa kwa njia halali na mwakilishi aliyeteuliwa na mgonjwa kwa maandishi. Faili likafungwa kabla chai haijaletwa. Utaratibu wa Mama Pumua uliipendeza kamati kiasi kwamba miezi michache baadaye hospitali ilichapisha fomu mpya yenye mahali pa jina na sahihi ya msemaji wa mzazi, na Mama Pumua akapewa kitambulisho chenye picha, cha kuingilia hadi chumba cha upasuaji bila kusimamishwa. Alikipokea. Alikuwa akikivaa ndani ya kanga, upande usioonekana, mpaka anapofika getini.

Sauti haikurudi. Hakuna aliyetarajia irudi. Kwa kuwa mtoto alihitaji kumsikia mama yake, Mama Pumua akawa anakwenda kwao kila siku saa kumi jioni, anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, anaimba nyimbo za kubembeleza ambazo Mwalimu anaziimba kimya upande wa pili wa chumba. Aliimba vizuri kuliko alivyoweza mwenyewe. Mtoto alijifunza kusema kwa kumtazama mmoja na kumsikiliza mwingine. Katika maneno yote yaliyopita mdomoni mwa Mama Pumua, kwa miaka minne, hakuna hata moja lililoelekezwa kwake yeye. Mwalimu hakumtukana, hakumwambia karibu, hakumwambia kwaheri.

Jioni moja mtoto alirudi mbio kutoka kwa majirani waliopata mtoto mchanga.

"Mama, wa kwetu anakuja lini?"

Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari. "Haji," Mama Pumua akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Kwa nini haji?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Mama Pumua alihisi maneno yanapanda. Zamani alijaribu kuyazuia kwa kubana meno, yakatokea puani, tangu hapo akaacha.

"Siku uliyozaliwa, daktari aliuliza kama nifungwe nisizae tena. Mimi nikasema hapana. Huyu akasema ndiyo."

Mtoto alimtazama Mama Pumua mdomoni, halafu usoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Bibi, ulimsikia mama?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo tangu kamati. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, miwani ya kuchomelea imepandishwa kichwani.

"Nilimsikia," Mama Pumua akasema.

"Basi nenda kamwambie daktari."

"Nitakwenda."

Mwalimu akarudi kwenye madaftari yake. Mama Pumua akakaa mpaka giza lilipoanza kuingia, akingoja mdomo wake useme chochote, hata tusi, na mdomo haukusema.

Asubuhi alikwenda kweli. Saa mbili alikuwa hospitali, na daktari alikuwepo, tena hana haraka, akikoroga chai. Mama Pumua alimwamkia, naye akaitikia akamsogezea ile fomu ya msemaji wa mzazi, kwa kuwa kitandani nyuma yao kulikuwa na mteja mpya, msichana mshonaji, aliyekuwa akipumua kwa macho yaliyofumbwa kama alivyofundishwa. Mama Pumua alitafuta kalamu kwenye mkoba. Akaandika jina lake, akatia sahihi.