Bastola Isiyogonga Sakafu

Nilinunua bastola mwezi wa pili, mwaka 1997, na kabla ya kuinunua niliiandikia orodha.

Ndivyo nilivyo. Shule niliacha mwaka wa nne. Ufundi wa vyerehani nilijifunza peke yangu, kwa kufungua chombo, kupanga vipande juu ya gazeti kwa mfuatano niliovitoa, na kuandika daftarini kazi ya kila kimoja. Watu wa avenue yetu, barabara moja ya mtaa wa Buyenzi, hawakununua cherehani, redio wala pasi ya mkaa bila kupita kwanza kwangu. Waliniita Fundi Shaabani, na wengine walisahau kabisa jina, wakabaki na Fundi.

Avenue yetu ilikuwa na neno lake. Vita vilipoanza kugawa mitaa, huyu akakimbia huku na yule kule, wenye nyumba wote tulikubaliana msikitini kwamba hakuna silaha itakayolala katika nyumba yetu yoyote, awe mwenye nyumba ni Muhutu, Mtutsi au Mkongomani. Atakayeonekana nayo atahama. Mimi na jirani yangu Radjabu, muuza vipuri vya baiskeli, tulipita mlango kwa mlango, na kila baba mwenye nyumba alilitamka neno hilo mbele yetu kwa mdomo wake. Kwa sababu hiyo waliokimbia kwao walikuja kulala kwetu. Uthmani ni mmoja wao. Alikuja kutoka mtaa wa Kamenge na koti moja zito la kijivu, akapokewa na Radjabu, na hakulivua koti lile hata jua likiwaka, kwa kuwa ndiyo mali yote iliyombakia.

Nami, niliyepita mlango kwa mlango, nilikwenda kununua bastola.

Sababu yangu ni hii. Nilikuwa na wateja mafundi cherehani Buterere na Kajaga, nje ya mji, na nilikwenda kwao kwa baiskeli. Mwezi wa kwanza, njia ya Kajaga, watu watatu walinisimamisha wakanilaza kifudifudi kwenye tope. Walichukua sanduku langu la vyombo. Hawakunipiga. Mmoja alikanyaga shingo yangu na kusimama hivyo, akizungumza na wenzake habari za bia, kama mtu aliyepumzisha mguu juu ya jiwe. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Mwanvua, kwamba nilianguka. Tangu siku ile kila nikipanda baiskeli nilisikia ule mguu shingoni.

Askari wa Zaire walikuwa wamekimbia vita vyao, na silaha zao zilikuwa zikivuka mpaka kwa urahisi. Namegabe, Mkongomani wa Uvira mwenye duka la vitenge mtaa wa Rohero, alinipeleka chumba cha nyuma. Alitandika kitenge mezani, akaweka bastola mbili. Moja kubwa, inang'aa kama kijiko cha harusi. Nyingine ndogo, nyeusi, imechujuka rangi.

"Iyi ni ya commandant," alisema, akaisukuma ile kubwa mbele yangu. "Ukiivaa, mutu anakuona toka mbali."

"Mi sitaki mutu aione."

"Ee! Sasa we unatafuta bastola ao unatafuta sindano?"

Nilitoa daftari. Niliuliza uzito wa kila moja. Nilipima unene kwa rula yangu. Nilitazama kijino cha kulengea, kama kitanasa nguoni. Nilitazama kile kitufe kinachozuia risasi isitoke, kama kidole gumba kinakifikia bila kubadili mshiko, na kama kinaweza kujisogeza chenyewe ndani ya nguo. Nilipitisha kidole kwenye kona zote, nikitafuta zinazokwaruza. Namegabe alikaa kwenye gunia, akavuka miguu.

"Fundi, mi niliposa bibi yangu kwa dakika kumi," alisema. "We iko saa nzima na chuma."

"Bibi yako nilimuona," nilimwambia. "Ungekaa saa nzima."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nilicheka pia. Ninalikumbuka vizuri lile cheko. Nilikuwa nimesahau kabisa kile nilichokuja kununua. Nilikuwa fundi anayechagua chombo, na nilifurahi.

Nilichukua ile ndogo. Wiki iliyofuata niliitengeneza mchana, katika atelier yangu, kile chumba changu cha kazi, mlango nimeurudisha. Nililainisha kona kwa msasa. Mpini ulikuwa unateleza, nikauvika mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nilioununua kwa Radjabu mwenyewe. Springi ya magazini, lile kasha la risasi, ilikuwa imechoka, nikarudi kwa Namegabe akanipa nyingine. Kisha nikashona ala ya ngozi, inayoning'inia chini ya kiuno, ubavuni mwa paja la kulia. Juu ya kiuno ingejichora kwenye shati nikiinama kwenye usukani. Pale chini, kanzu au shati refu liliificha vizuri. Nilijaribu kutembea, kupanda baiskeli, kukaa kwenye stuli. Yote niliandika daftarini, na mbele ya kila moja nikatia alama.

Nyumbani sikuwa na mahali pa kuiacha, kwa kuwa Mwanvua hufagia mpaka nyuma ya kabati. Nikawa naivaa kila niendako. Ijumaa nikaenda nayo msikitini.

Tulisimama safuni bega kwa bega kama ilivyo. Kulia kwangu Uthmani na koti lake, kulia kwake Radjabu. Nilirukuu, vizuri. Nilisujudu, vizuri. Tulipoinuka kutoka sijda na kukaa, paja langu lililala, ala ikaning'inia pembeni, na bastola ikagonga sakafu. Mkeka wetu ulikuwa mwembamba na chini yake saruji. Ko. Sauti ndogo, lakini msikiti wakati ule umenyamaza, na miaka ile kila mtu alijua chuma kinavyolia. Niliona mgongo wa mtu wa mbele yangu ukikakamaa.

Sikuwa nimejaribu kukaa chini. Mtu aliyesali tangu utoto, aliandika daftarini baiskeli na stuli, akasahau sala.

Nje, watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao, maneno yalikwisha anza. Ule mlio ulitoka safu ya tatu, walisema, upande ule wa Uthmani. Ni nani anavaa koti kwenye joto hili? Anouar, fundi magari wa kona yetu, ndiye alisema waziwazi: "Tumupekue. Dakika moja, tunamaliza."

"Apana," alisema Radjabu. "Mugeni wangu hapekuliwi. Amekula kwangu."

"Basi umuulize."

"Nitamuuliza mbele yenu wote. Jumapili, kisha ya alasiri, kwangu. Ikiwa ni yeye, atahama. Neno ni neno."

Kila mtu alijua kuhama kwa Uthmani ni nini. Kamenge hapakuwa na nyumba ya kurudia, na njia ya kutoka mjini ilikuwa na vizuizi vya askari ambavyo mtu wa jina lake na uso wake hakuvipita mara mbili. Radjabu alinigeukia.

"Fundi, we unasema nini?"

"Tungoje Jumapili," nilisema. "Tusihukumu haraka."

Watu walitikisa vichwa. Walisema Fundi ana busara.

Sasa niseme nilichofanya Jumamosi asubuhi, kwa sababu ndicho kinachonichoma zaidi. Sikwenda kuitupa bastola mtoni Ruzizi. Nilikaa kuitengeneza. Nilifumua ala, nikakata nyingine ya kitambaa kizito chenye pamba ndani, ya kufungwa tumboni juu ya kitovu, ikishikwa na mikanda miwili. Kisha nikaingia chumbani, nikasimama mbele ya kioo cha kabati, nikaanza kusali bila kusali. Nilirukuu, nikatazama kiooni kama kanzu inavimba. Nikasujudu, nikasikiliza. Nikakaa. Hakuna sauti. Nikarudia, safari hii haraka, kama imamu mwenye pupa.

"Unasali wapi uko?" Ilikuwa sauti ya Mwanvua mlangoni, na ufagio mkononi. "Kibla iko huku."

Nilikuwa nimesujudia kabati.

"Mgongo," nilisema. "Ninanyoosha mgongo."

"Unyooshe basi," alisema, akaondoka bila kufagia.

Saa nne hivi Uthmani alikuja atelier. Alikuwa hajaja hata mara moja. Nilimpa stuli akakaa kwenye ncha yake, mikono mifukoni mwa koti. Tulizungumza habari za mvua. Kisha akasema, akitazama cherehani iliyokuwa mezani:

"Fundi, kesho wataniuliza kama ni mimi. Nitasema siyo mimi."

"Ee."

"Wakiniuliza ni nani, nitasema sijui."

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Nilikaza skrubu iliyokwisha kazwa.

"Nilikuwa karibu kabisa," alisema. "Iligusa koti. Lakini mugeni hawezi kumutaja mwenye mji. Nilikuja nikuambie ivyo tu, usiwe na wasiwasi."

Hakuwa ananidhihaki. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayerudisha chombo alichoazima. Na mimi, ala mpya ya pamba ikiwa imenibana tumboni wakati uleule, nilimjibu hivi: "Mungu atasaidia."

"Amina," alisema Uthmani, akaondoka.

Jumapili tulikuwa wanaume kama ishirini uani kwa Radjabu, juu ya mikeka. Uthmani aliulizwa, akasema siyo mimi. Anouar alimwambia avue koti. Radjabu alikataa tena, lakini safari hii sauti yake ilikuwa imepungua, na nilimwona akitazama chini. Mtu mmoja alisema wana wake wanalala ukuta mmoja na huyu mgeni, hajui usiku wataamkaje. Mwingine akasema basi aende, hata kama siyo yeye, ili roho zitulie. Wengine wakaunga mkono. Uthmani alikuwa tayari ameanza kufungua kifungo cha kwanza cha koti lake, taratibu, bila kuambiwa na mtu.

"Acha, ndugu," nilisema. "Ni yangu."

Niliinua kanzu mbele ya majirani zangu kama mtoto anayepelekwa kutahiriwa, nikafungua mikanda, nikaiweka bastola mkekani. Nikasema lini niliinunua na kwa nini. Nikasema habari ya mguu shingoni, ambayo hata Mwanvua sikumwambia. Nikasema nitahama mimi, na kwamba Uthmani alijua na alinyamaza kwa adabu.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilijitayarisha hata kwa mate. Hakuna aliyenitukana, na nilisikia nafuu kidogo ikiingia, kama mtu aliyetua mzigo.

Anouar alisogea kwa magoti. Hakuigusa bastola, aliitazama tu, akiinamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Fundi," alisema. "Ni nyepesi?"

Sikumwelewa.

"Nauliza uzito. Maana we huwezi kununua kitu mbaya. Ulichagua hii, ukaacha zingine?"

"Niliacha nyingine moja," nilisema.

"Sababu gani?"

"Ilikuwa nene. Na ilinasa nguo."

"Umesikia?" aliwaambia wenzake. "Ilinasa nguo."

Yule ambaye wana wake wanalala ukuta mmoja na Uthmani naye alisogea. Aliuliza mpira ule wa mpini ni wa nini. Mwingine aliuliza kama kile kitufe ni kigumu, kwamba kwake kuna watoto wanaoshika kila kitu. Mwingine, wa nyuma, aliuliza ni dukani kwa nani. Hawakuwa na hasira. Waliniuliza kama walivyoniuliza habari za redio. Mtu aliyepita na neno lao mlango kwa mlango alikuwa ameona heri kuwa na bastola. Basi wao wangekuwa wajinga kuishi bila.

"Ndugu zangu, sikuileta hapa ili muitake," nilisema. "Nimesema nitahama."

"Uhame wende wapi, Fundi?" alisema Anouar. "Kaa tu. Nani atakuhamisha? Na huyu pia akae, siyo yeye, tumuombe radhi."

Radjabu aliinuka, akaanza kukunja mkeka wake ilhali watu wawili bado wamekaa juu yake, wakalazimika kuinuka.

Uthmani alikuwa ameingia ndani. Alitoka na mfuko wa plastiki, nguo mbili ndani yake, kifungo cha koti amekifunga tena.

"Unaenda wapi?" nilimuuliza. "Umesikia, umebaki. Wamekuomba radhi."

"Nimesikia, Fundi. Nashukuru." Alinipa mkono, na aliushika wangu kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mtu aliyefiwa. "Mi nilikimbilia hapa sababu hapakuwa na kitu ile. Sasa kila nyumba itakuwa nayo mbele ya mwezi kuisha. Kule nilikotoka ilianza ivi ivi, watu wazuri wakiuliza bei."

"Ngoja basi mpaka kesho."

"Mchana ni afadhali," alisema.

Alimuaga Radjabu, akamuaga na mke wa Radjabu kupitia pazia, kisha akatembea kuelekea mlango wa ua. Nilitaka kumfuata. Miguu ilikuwa imeanza kugeuka. Lakini Anouar alinishika kiwiko, akauliza kama springi ya magazini ikichoka ni lazima kuibadilisha au inaweza kunyooshwa, na nikiwa bado namtazama Uthmani akiinama kupita mlangoni nilisikia sauti yangu, ya taratibu, sauti ya kazini, ikimweleza kwamba springi iliyochoka hainyooshwi, hubadilishwa.