Jicho la Oili na Kidole cha Mwenyekiti

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi mwaka 2024, asubuhi, na sitaki mtu aniambie ni shetani. Shetani hana ufunguo wa kabati la dispensari.

Mke wangu Kananu aliamka kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli. Akaenda kwa miguu hadi dispensari yetu, hapa karibu na Kiirua, apimwe presha. Mashine ya presha ilikuwepo, mpya kabisa. Siku ya kuletwa ilipigwa picha na wakubwa wamejipanga wanacheka. Lakini ilikuwa imefungiwa kabatini isiibiwe. Nesi Eunice alimwambia vile ilivyokuwa, "Mama Joyline, ufunguo umeenda semina." Semina yenyewe ilihusu jinsi ya kuhudumia wananchi haraka. Kananu akapewa tembe za maumivu, akarudi nyumbani. Jioni hiyo tulikuwa tunatafuta mbao za jeneza.

Mimi ni mtu wa mashine ya kusaga mahindi. Watu husema niliacha shule darasa la tano, lakini huko ni kunipendelea. Shule ndiyo iliyoniacha. Baada ya mazishi nilifanya kile mjinga mwenye uchungu hufanya: niliapa nitatengeneza mashine yangu ya kupima watu, ining'inie kwa kamba kwenye mlango wa dispensari, bila kufuli, mama yeyote atie kidole ajue kama arudi nyumbani au akimbizwe Meru. Hiyo tu. Sikutaka sifa. Sawa, nilitaka kidogo.

Mahali pa kuanzia nilikuwa napo. Injini yangu ya dizeli ilishawahi kunifia kwa sababu ya oili chafu, kwa hiyo nilikuwa nimebuni kitu: kabomba ka kioo ambamo oili inapita, upande huu taa ndogo, upande ule kipande nilichong'oa kwenye taa ya sola iliyokufa. Oili ikiwa safi, mwanga unapita. Ikianza kuwa nyeusi kama roho za watu fulani, mwanga unakwama, taa nyekundu inawaka, nami nabadilisha oili. Nilikiita jicho. Gitobu, fundi wa simu na redio pale Majengo, Meru mjini, aliniambia jina lake la shule ni kihisi.

Sasa, siku moja nikaweka kidole mahali pa oili, hivi hivi tu, kwa uvivu. Mshale wa mita niliyokuwa nimeiunga na jicho ukatetemeka. Ukatetemeka tena, unafuata moyo wangu. Nilifika Majengo unga ukiwa bado kwenye nyusi.

"Gitobu! Mtu ni injini!"

"Mzee Kaburu, keti kwanza. Umekula?"

"Damu inapita kwa kidole kama oili, na jicho linaiona!"

Gitobu akatia kidole chake, akatazama, akakuna kichwa. "Lakini mzee, hiki kitu hospitali wanacho. Wanakibana kidoleni hivi hivi."

"Kiko wapi?"

"Si huko hospitali?"

"Kabatini," nikamwambia.

Gitobu akanifungia ndani ya jicho kompyuta ndogo kama ukucha. "Sasa hii haijui kitu," akasema. "Ni kama mtoto. Lazima uifundishe mtu mwenye afya yukoje. Tafuta watu wazima wa mwili, wapime, ikumbuke mioyo yao. Anayefanana nao, taa ya kijani. Asiyefanana nao, nyekundu na kelele."

Watu wenye afya! Hapo akili yangu ikang'aa, na mimi ikining'aria hivyo huwa ni hatari. Binamu yangu Murungi analima miraa Muthara, na wanaume wa kule wanapanda miti na mvi zao kama tumbili. Hata njia ya dispensari hawaijui. Nikaenda mchana. Na huwezi kuketi na wanaume wa Muthara mchana mdomo ukiwa mtupu, watadhani una kesi nao. Nilipewa fungu langu kabla sijamaliza salamu. Tukatafuna, tukawatukana wakubwa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemaliza kutukana alitia kidole. Mimi nilitia wa mwisho, shavu limevimba kama nina jino bovu. Mashine ikatukumbuka sote.

"Sasa hiyo imeona wanaume," Murungi akasema.

Kukatangazwa maonyesho ya wabunifu kule Embu. Kitakachopendwa, kaunti zingekijaribu kwenye dispensari zao. Nikaona kamba yangu tayari inaning'inia mlangoni. Nilivaa koti la harusi, ambalo siku hizi halikubali kufungwa kifungo, na Murungi akanisindikiza na fungu lake mfukoni. Mbele walikaa waamuzi: mwenyekiti Bwana Mwaniki, mtu wa ofisi mwenye tai, na Daktari Lydiah, aliyekuwa anaandika kila kitu.

Nikawaeleza juu ya Kananu. Nikawaonyesha jicho la oili, wakatikisa vichwa vizuri. Ningeketi hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima.

"Na sasa," nikasema, "nitapima binadamu. Mheshimiwa mwenyekiti, kidole."

Bwana Mwaniki akatoa kidole kama mtu anayevishwa pete. Piiiii! Nyekundu.

"Inamaanisha nini, mzee?"

"Inamaanisha, mheshimiwa, usipitie nyumbani. Nenda hospitali moja kwa moja."

Akapimwa mpiga picha: nyekundu. Akapimwa katibu: nyekundu. Wakaja akina mama wa kwaya waliotufungulia kwa wimbo, na wote, sauti ya kwanza hadi ya mwisho, wakalia piiiii. Mtu mwenye akili angeshuku mashine. Mimi nilisimama pale nikifikiri nimegundua ugonjwa uliovamia Embu nzima, na nikaanza kupanga maneno nitakayoiambia redio.

"Leteni lori!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Tunakwisha!"

"Kwani nyinyi watu wa Embu mnakula nini?" Murungi akauliza. Akapanda jukwaani, akatia kidole. Kijani. Kimya kitamu.

"Basi huyu ndiye atakayetuzika," Bwana Mwaniki akasema, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Daktari Lydiah hakucheka. Alimshika Murungi mkono, akasikiliza mapigo, akatazama lile shavu. "Mzee Kaburu, hao watu wa kuifundisha mashine, ulipowapima walikuwa wanafanya nini?"

"Wameketi tu, daktari."

"Wameketi tu?"

"Wameketi... na kutafuna kidogo."

"Miraa inakimbiza moyo, mzee. Umeifundisha kwamba moyo unaokimbia ndio mzima. Sisi tuliotulia ndio wagonjwa."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi mji wa Runyenjes. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini? Nikamwambia nitaifundisha upya. Nitapima kwaya.

Daktari akanivuta kando, mbali na kipaza sauti. "Mzee, mkeo alikuwa na presha?"

"Ndivyo walivyosema baadaye."

"Hii inahesabu mapigo. Presha haipimi. Hata ungeifundisha vizuri, asubuhi ile pengine ingemwakia kijani."

Kwa kawaida nina mzaha tayari kwa kila jambo. Safari hii nilishika tu kile kifungo cha koti.

Lakini wakubwa hawakuniacha niende mikono mitupu. Walipenda jicho la oili. Jenereta za dispensari, wakasema, zinakufa kila mara kwa oili chafu, na la kwanza litajaribiwa kwenye dispensari yetu. Kwa hiyo machozi yangu yote kwa Kananu yalizaa kitu cha kulinda jenereta. Nikikutana naye huko aliko, sijui nitaanzia wapi kumweleza.

Siku ya kulikabidhi, Bwana Mwaniki alikuja mzima wa afya, na mpiga picha wake. Nesi Eunice alikuwepo, na mkubwa wa dispensari, mtu wa semina. Nikatoa spana niende kulifunga kwenye jenereta.

"Wacha kwanza, mzee," mkubwa akasema. "Mpaka fundi aje."

"Fundi ni mimi."

"Fundi wa kaunti. Na kitu kizuri namna hii kitaibiwa." Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akafungua kabati.

Mashine ya presha ilikuwa ndani, bado imevaa nailoni yake. Jicho langu likawekwa kando yake, kama maharusi. Akafunga. Mpiga picha akatuomba tutabasamu, nami nikatabasamu, nimo kwenye picha, koti wazi. Nesi Eunice peke yake alitazama chini.

Ndipo nikauliza, kwa adabu zote, mbele yao wote. Bwana Mwaniki alitazama saa yake, mkubwa akamtazama Bwana Mwaniki, na hadi leo nangoja jibu.

"Mkubwa, ile Alhamisi ya Machi, huu ufunguo ulienda semina kufanya nini?"