Pikipiki Iliyorudishwa

Mimi simwamini mtu anayeuza kitu kizima. Kama ni kizima, anakiuza kwa nini? Labda ni kazi ya unesi iliyonizidishia, maana kila siku nakaa na watu wanaoniapia kwamba wamemaliza dozi huku vidonge vikilia mfukoni mwao. Basi nilipoanza kutafuta pikipiki, shaka ilitangulia, pikipiki ikafuata.

Nilikuwa na sababu ya kuwa makini. Zahanati yetu iko kwenye vilima vya juu ya Karatu, na kila mwezi navuka msitu wa kijiji kwenda kuchanja watoto wa kitongoji cha ng'ambo, ambako wafugaji na wakulima wamechanganyika. Barabara ya kuzunguka ni ndefu, na mvua ikinyesha haipitiki. Kinachobaki ni kinjia cha msituni, chembamba, miti imebanana, mizizi imetokeza juu. Masika yaliyopita nilikodi bodaboda, tukaanguka kwenye kona ya matope, sanduku la baridi likafunguka, barafu ikamwagika na chanjo zote zikaharibika. Mwezi uliofuata nusu ya kina mama hawakutokea. Mganga mfawidhi akaniambia bila kuzunguka: nikishindwa kufika mara nyingine, kliniki ya ng'ambo inafungwa, wenye watoto waje wenyewe. Nilijua hawatakuja. Hakuna mama atakayepita na kichanga mgongoni kwenye njia ya nyati kwa ajili ya sindano ya mtoto asiyeumwa.

Kwa hiyo nilitaka pikipiki ya kupita msituni ambayo pia itapita lami, maana chanjo nazifuata mjini, na trafiki wa Karatu hawana masihara na pikipiki isiyo na namba, indiketa wala vioo.

Josephati, mume wa dada yangu, ndiye aliyejitolea kunisaidia. Kushinda gereji kumemfanya ajione fundi; ukweli ni dalali. Ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa ya bodaboda, inang'aa, kadi safi, lakini bomba la moshi lilining'inia chini ya injini kama matiti ya mbwa anayenyonyesha. Nikamuuliza litapitaje juu ya mizizi. Akasema nitazoea. Ya pili ilikuwa ya mashindano, mzungu mmoja aliileta akaiacha. Tairi zenye meno, shokapu ndefu, kiti kinanifika mbavuni. Msituni ingepita, ingawa sijui kama ingepita na mimi. Tena haikuwa na namba wala taa ya nyuma, na kadi yake, alisema Josephati, ilikuwa inashughulikiwa. Nikamtazama usoni. Yeye alikuwa anatazama ukuta.

Ya tatu haikutoka kwake, ndiyo maana aliiponda tangu mwanzo. Mwenyewe aliitwa Moringe, mfugaji wa Malambo, mtu mzima mwenye maneno machache, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiishi na kaka yake huko huko ng'ambo ya msitu. Sasa alikuwa anarudi kwao. Malambo ni tambarare, alisema, na pikipiki hii ni ya msituni, kule itakuwa inachoka bure. Nikasikia pia kwamba mtu wa kampuni ya utalii alimpa bei kubwa kuliko yangu, akakataa. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku kwa dhati. Nani anakataa hela zaidi?

Nilimwambia ailete mjini niijaribu kwenye lami. Akasema lami haimjui mtu. Kama naitaka kwa ajili ya msitu, nikaijaribie msituni. Nilikubali, lakini nilimlazimisha Josephati aje nyuma yetu kwa miguu, nami nikatia mkasi wa zahanati kwenye mfuko wa koti.

Kila nilichokiona kilinithibitishia kwamba naibiwa. Usukani ulikuwa umekatwa ncha zote mbili kwa msumeno. Nikasema hii imepata ajali, imenyooshwa. Sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo, ilikuwa kubwa isivyo kawaida, na kwenye kipande cha barabara tulichoanzia pikipiki ililia sana bila kukimbia. Nikasema injini imekwisha. Chini ya injini kulikuwa na bamba la chuma lililojaa mikwaruzo; nikasema linaficha ufa. Lakini namba ilikuwepo, indiketa ziliwaka, kadi ilikuwa ya jina lake, na hilo likanitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu sikupata pa kushika.

Tulipofika katikati ya miti, Moringe alizima, akashuka, akailaza pikipiki chini ubavu, makusudi.

"Iinue," akasema.

Nikamuuliza kwa nini mimi niinue alichokiangusha yeye. Akasema siku itakaponiangukia huku, yeye hatakuwepo. Nilijua ananizuga nisiangalie mafuta yanayovuja, kwa hiyo niliangalia kwanza. Hayakuvuja. Nikaishika usukani na kiti, nikasukuma kwa magoti, ikainuka. Ile ya mzungu nisingeiinua hata kwa maombi.

Kisha nikaipanda. Miguu yangu yote miwili ilikanyaga chini. Kwenye gia ya kwanza ilitambaa polepole bila kuzima, ikapanda mizizi, bamba likakwaruza na kupita, na pale ambapo miti miwili imekaribiana hata ng'ombe huingia kwa kujibana, ule usukani uliokatwa ukapita bila kugusa. Moyo wangu ulifurahi, nikaunyamazisha.

Tukakubaliana bei. Nikataka nimpe hela pale pale, anipe ufunguo, kila mtu aende zake. Akakataa. Alisema ataileta mwenyewe nyumbani, na nyumbani ndiko atakapopokea hela. Josephati akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Shemeji, huyo anataka kuijua nyumba yako." Nilikuwa nimeshawaza hivyo kabla yake.

Alikuja Jumamosi. Naishi na mama yangu, na mama ana ugonjwa wa kukaribisha watu. Alimkalisha, akamletea maziwa, wakaanza kuongea habari za malisho kana kwamba wamekua pamoja. Moringe alimwita yeyo, yaani mama kwa lugha yake, na mama akapenda. Mimi nilisimama mlangoni, nasikiliza maswali. Pikipiki italala wapi? Kuna bati juu? Mlango wa banda unafungwa na nini? Nani mwingine ataipanda? Mbwa wapo? Nilijibu kwa kifupi, na mengine nilijibu uongo. Nilisema mbwa wako watatu. Hatuna hata mmoja.

Akapokea hela, akashukuru bila kuzihesabu. Mama aliingia jikoni kuchemsha chai. Mimi nikatoka nje kuitazama mali yangu, nikamkuta Moringe amechutama nyuma ya pikipiki, kisu mkononi, anakata kipande cha mpira wa madigadi. Kilikuwa kidogo, sawa na ukucha wa dole gumba. Akakikunja kwenye ncha ya shuka yake akafunga fundo.

Nilipandisha sauti hadi majirani wakatoka mashambani na majembe yao. Nilimwita mwizi. Nilisema ameiwekea alama ili wenzake waitambue, au anapeleka kipande kwa mganga, na kwa vyovyote vile niliujua mchezo wake tangu siku ya kwanza. Moringe hakujibu. Nilichukulia kimya chake kuwa ushahidi. Nikamwambia arudishe hela zangu aondoke na chuma chake.

Aliziweka zile hela juu ya kigoda alichokalia, akavuta pikipiki mpaka njiani, akaondoka bila hata kuiwasha uani kwetu. Majirani wakanisifu kwa kuwa macho. Wakati huo mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika mkononi.

Watu walipotawanyika aliniuliza kama najua nilichokifanya. Akanieleza kwamba marehemu baba hakutoa mtamba hata mmoja kwenye zizi letu bila kukata unywele wa mkiani na kuuchomeka kwenye paa la banda, ili mnyama aende, baraka ya kundi ibaki. Tena hakumkabidhi mnyama mtu ambaye hajaliona zizi lake. "Wewe ulikuwa bwenini unasoma," akasema mama. "Huyo mtu amekupa pikipiki kama mtu anavyotoa ng'ombe. Na wewe umemrudisha ng'ombe kwa matusi."

Niliona aibu, lakini aibu yangu ilikuwa bado na kiburi ndani yake. Nilijiambia kwamba mtu wa kawaida angeeleza. Nikapitisha siku, na sikwenda kumtafuta. Siku ya kliniki ilipofika nikaazima kwa Josephati ile ya bodaboda.

Ilinifikisha mpaka penye miti miwili. Usukani ukagota kulia na kushoto, gurudumu la mbele likateleza, na injini ikakaa juu ya mzizi, tairi ya nyuma inazunguka hewani. Nilisukuma, nikavuta, nikailaani kwa lugha mbili. Bomba la moshi likapasuka. Mwisho nilifungua kamba za sanduku la baridi kwenye keria, nikalibeba kichwani na kuanza kutembea, huku nikijua kwamba saa ya kliniki imepita zamani, kwamba kina mama wameondoka, na kwamba nitakaporudi nitamweleza mganga mfawidhi na yeye atafunga.

Walikuwepo. Walikaa kwenye nyasi, watoto mapajani, wote. Resiato, mke wa kaka yake Moringe, ndiye aliyenipokea sanduku. Nilimuuliza kwa nini hawakuondoka.

"Walitaka," akasema. "Shemeji yangu kawazuia. Kawaambia nesi anakuja, yuko njiani."

"Alijuaje?"

"Hakujua. Alisema wewe ni mkali kwa kitu chako, na watoto hawa ni kitu chako."

Nilichanja, nikamaliza, nikamfuata Moringe kwenye ua wa ng'ombe. Nilimwomba radhi waziwazi, mbele ya kaka yake. Nilimwambia nilimdhania wizi bila sababu na nimejuta. Akapokea upesi, akanishika mkono, akasema yamekwisha. Basi nikaona ni wakati wa kuuliza kuhusu pikipiki, ambayo ilikuwa imeegeshwa pale pale, ikinitazama. Akatikisa kichwa.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini mnyama aliyerudishwa hapewi tena mtu aliyemrudisha. Wiki ijayo naipeleka Malambo."

Nilirudi nyumbani na sanduku tupu kichwani, ile ya bodaboda nikaiacha kwenye mzizi Josephati aifuate mwenyewe. Nililia njiani, tena kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyenisikia. Msamaha nilikuwa nimeupata, ila msamaha haunivushi msitu mwezi ujao, na kina mama hawatakaa kwenye nyasi kila mara wakimngoja mtu wa miguu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake asubuhi alivaa viatu vyake vya kanisani, akatoa zile hela zangu kabatini bila kuniuliza, akachukua fimbo na kuingia msituni kabla sijamaliza kumkataza. Mchana kutwa sikutulia. Jua lilipoanza kushuka nikasikia injini inalia miongoni mwa miti, na Moringe akatokeza na pikipiki, nyuma yake mama yangu, fimbo ameipakata, kitenge kimempeperuka, amejaa furaha kama bibi harusi.

Walikuwa wameshakubaliana. Mimi sipewi tena, hilo lilibaki palepale. Lakini hakuna mwiko wa kumpa mama yangu. Moringe alilitazama banda kwa mara ya pili, akanywa maziwa, akamkabidhi ufunguo mkononi, kisha kaka yake akaja kumchukua. Josephati, kwa kunionea huruma au kwa kumwogopa mama, alishughulikia kadi bila kudai chochote. Kadi imeandikwa jina la mama yangu, ambaye hajui hata klachi iko upande gani.

Siku ya kliniki iliyofuata niliamka mapema, nikavaa helmeti, nikapanga barafu, nikaenda kusimama mbele ya mama. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba moja na msalaba.

"Mama, naomba ufunguo."

"Unaipeleka wapi?"

"Si unajua ninakokwenda."

Hakusogea. Alinitazama kuanzia viatu mpaka helmeti, taratibu, kwa jicho ambalo mimi huwatazamia wenzangu.

"Nitakuaminije?" akasema.

Nikakaza mkanda wa helmeti. Nikabaki nimesimama na sanduku mkononi, barafu inaanza kuyeyuka, nikimngoja aamue.