Imondo ya Mechi ya Hamsini

Kwa Mzee Isaiah kule Chekalini, kuku aliliwa na wote lakini imondo ilikuwa na mwenyewe. Imondo ni firigisi, na firigisi ni ya baba. Mwanamke aliipika, akaipakua, akaifikisha mezani, basi. Kulamba kidole tu ilikuwa kesi.

Binti yake Navalayo aliuliza sababu akiwa na miaka tisa. Akaambiwa ni mila. Akauliza tena, akatumwa maji. Alikuwa na mdomo huyo mtoto, ila miguu yake ndiyo iliyokuwa balaa: alipiga mpira wa makaratasi katikati ya mahindi mpaka mistari miwili ikalala chini. Isaiah alipoyaona yale mahindi akapandwa na hasira, akaropoka mbele ya jirani yao Kibiwott: "Haya! Siku ukichezea Kenya mechi hamsini, imondo nitakupa kwa mkono wangu mwenyewe!" Wazee wawili wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Kucheka si kosa. Kosa ni kumwahidi Navalayo.

Alichezea shule, akachezea kaunti, akaitwa timu ya taifa, kisha klabu moja ya Uturuki ikamchukua. Alikuwa kiungo, jezi namba sita: yule anayenyang'anya mpira, anautuliza, anampa mwenzake, halafu mwenzake anafunga na kubebwa mabegani. Miaka kumi na miwili hiyo, na goti limepasuliwa mara mbili. Kila alipopiga simu nyumbani, baba yake alimuuliza kama Uturuki kumenyesha. Habari za mpira? Hata siku moja. Hilo lilimuuma kuliko goti. Mdomoni alidai firigisi, lakini moyoni alitaka baba yake amwambie, angalau mara moja, kwamba anaijua kazi yake.

Wiki iliyopita akacheza ya hamsini. Jumamosi akaingia Chekalini na jogoo kwapani, na Kibiwott nyuma yake, maana shahidi hasahauliwi. Mama yake, Jescah, akapika obusuma, yaani ugali, na yule jogoo, akaleta mezani, akarudi kusimama mlangoni pa jikoni kama kawaida yake.

Isaiah akaifunika imondo kwa kiganja. "Hazijafika hamsini."

"Baba! Hata redio imetangaza!"

"Redio inasemanga mengi. Mimi mpira sisikilizangi. Lakini hesabu najua. Ile ya Uganda uliingia dakika ya themanini na saba. Hiyo ni mechi ama ni salamu?"

Navalayo akamgeukia Kibiwott.

"Na ile ya Zambia," mzee akaendelea, kidole juu, "mvua iliwakatiza, mkamalizia kesho yake. Hiyo ni moja, msinihesabie mbili. Na ile uliyopewa kadi nyekundu! Lo! Refa gani yule? Uligusa mpira kwanza! Mpira, kisha mguu! Hata kipofu angeona! Siku tatu sikupata usingizi mimi!"

Kibiwott akaweka kikombe chini polepole.

"Isaiah, rafiki yangu. Haya yote umeyajulia wapi, na wewe mpira husikilizangi?"

Mzee akakohoa. Akaangalia dari. Dari halikumsaidia.

"Muulizeni betri za redio zinaendanga wapi," Jescah akasema kutoka mlangoni. "Mimi naambiwa anasikiliza bei ya mahindi. Bei gani ya mahindi inamfanya mtu mzima arushe kofia na kumwita mtu mjinga?"

Kibiwott akacheka hadi machozi. Navalayo naye yalimtoka machozi, ila si ya kucheka.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ungevimba kichwa," Isaiah akanung'unika. "Kiungo akivimba kichwa, mpira unakwama." Kisha akaiokota imondo kwa mkono wake mwenyewe, akamnyooshea. "Shika. Arobaini na tisa na salamu moja."

Navalayo akaipokea. Alikuwa ameingoja miaka ishirini na moja, na sasa ilikuwa mkononi, ya moto, inanukia tangawizi. Akainuka, akaenda mlangoni, akaitia kwenye kiganja cha mama yake.

"We! Navalayo!" Isaiah akanyanyuka nusu. "Hiyo nimekupa wewe!"

"Ndiyo, Baba. Na mimi ni namba sita."

Jescah alisimama pale na imondo mkononi, akimtazama mume wake. Miaka arobaini ameipika, hajawahi kuionja. Isaiah naye akamtazama, akamtazama binti yake, akaketi.

"Pasi safi," akasema kwa sauti ya chini. Halafu akapaza sauti, maana shabiki akishajulikana hana tena cha kuficha: "Jescah, usizubae na mpira! Funga!"

Jescah akaitia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena, wote watatu wakimngoja. Akameza.

"Kumbe ni hii tu?" akasema. "Isaiah, miaka arobaini, ni hii tu?"