Kucha Ndani ya Glavu Nyeupe

Tangu Ijumaa matokeo yalipobandikwa ukutani, Yaretzi Olmedo hakutulia. Alikuwa na miaka kumi na minne, na wastani wake wa tisa nukta nane ulikuwa wa kwanza katika kidato cha pili chote. Katika sekondari yao ya Pachuca, nchini Meksiko, wa kwanza kwa alama ndiye hupokea bendera kutoka kwa wale wanaomaliza, akaibeba katika gwaride la kila Jumatatu. Basi bendera ilikuwa yake. Aliitaka kuliko alivyowahi kukiri, kwa sababu ndicho kitu pekee pale shuleni ambacho hakikutolewa kwa kupendwa.

Maana kupendwa hakupendwa. Yaretzi alikuwa goth, wa wanja mzito, kucha za rangi nyeusi, nywele nyeusi tii na buti za kamba hata jua likiwaka, na kwa hayo darasa lilikuwa limempa jina la Marehemu. Akiingia, watu walijipigia ishara ya msalaba. Osvaldo, mchekeshaji wa darasa na wa tatu kwa alama, alimuuliza kila asubuhi kwa sauti ya upole ya msibani, "Marehemu, huko chini mmelalaje?" Siku ya Wafu walimpambia dawati kama kaburi kwa maua ya manjano na mshumaa, wakamwekea na mkate. Mkate aliula. Ulikuwa mtamu, na hilo liliwaudhi.

Utani aliuzoea. Kilichomchoma ni barua waliyomwandikia mwalimu wakiomba bendera ya taifa isibebwe na mtu mwenye sura ya maiti. Majina yalikuwa ishirini na tisa, na la kwanza ni la Dalia Quezada, wa pili kwa alama, ambaye mwaka juzi tu yeye na Yaretzi walikuwa wakigawana mkate mmoja wa nyama kwenye ngazi za shule.

Mwalimu Escamilla, msimamizi wa kikosi cha bendera, aliikunja barua ile akaitia mfukoni. Alisema kanuni ni alama, sura haimo.

"Lakini Jumatatu nataka uso mtupu na kucha safi, binti yangu. Rangi yoyote nikiiona, anabeba Dalia."

Jumamosi na Jumapili Yaretzi alizimaliza akizunguka chumbani. Aliweka pamba na asetoni ya kufutia rangi mezani, akaketi, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Wanja alikubali kuuosha. Kucha ndizo zilizomshinda. Akifuta kila kitu, aliona, barua ile itakuwa imeshinda hata kama bendera ataipata yeye. Ndipo akakumbuka kwamba kikosi huvaa glavu nyeupe. Akafunga chupa ya asetoni, na bado moyo haukutulia.

Jumatatu upepo wa Pachuca uliamka na ghadhabu zake. Shule ilipangwa mistari uwanjani, na Ulises, mshika bendera aliyekuwa anamaliza, akaja katikati. Yaretzi alikula kiapo, akanyoosha mikono. Ulises aliachia kabla yeye hajakamata sawasawa, na papo hapo upepo ukavuma. Bendera ilijaa, mti wake ukateleza ndani ya glavu za kitambaa na kuanza kulala. Bendera kugusa ardhi mbele ya shule nzima ilikuwa aibu ambayo hakuna aliyewahi kuiona pale. Yaretzi aliing'ata glavu ya kulia, akaivua kwa meno, akaukamata mti kwa mkono mtupu. Kitambaa kilisimama shubiri moja kutoka kwenye saruji.

Kucha tano nyeusi zilikuwa zimeshika mti wa bendera, na kila mtu alikuwa anaziona.

Aliizungusha uwanja mzima vivyo hivyo. Alifurahia kila hatua, akijua hatazipata nyingine.

Darasani, Mwalimu Escamilla alimshukuru, na ilionekana inamuuma. Kisha akasema amri aliitoa mwenyewe na hawezi kuimeza. Akauliza kama kuna mwenye neno. Yaretzi akayatazama madawati. Wote ishirini na tisa walikuwa wameona. Osvaldo alikuwa akiichunguza kalamu yake. Hasira zilimpanda Yaretzi hadi macho yakawasha, na leo hakuwa na wanja wa kuusingizia.

"Basi Dalia," mwalimu akasema.

Dalia alisimama. "Mimi sibebi, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nyuma yake pale. Ningekuwa mimi, nisingeivua glavu. Bendera ingeanguka."

Mwalimu akamgeukia wa tatu. Osvaldo alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Jumatatu iliyofuata upepo ulikuwa mwepesi, na Osvaldo alibeba bendera bila taabu yoyote. Yaretzi alisimama mstari wa mwisho, wanja wake umerudi. Dalia akaja kusimama ubavuni pake. Hawakuwa wamesemezana wiki nzima.

"Jina langu lilikuwa la kwanza," Dalia alisema, macho mbele.

"Nililiona."

"Najua uliliona."

Mvulana wa mstari wa mbele akageuka, akawaangalia wote wawili, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Jamani, sasa marehemu ni wawili." Kicheko kikapita mstari mzima.

Yaretzi alingoja Dalia asogee mbali naye. Bendera ilipita mbele yao, wakaweka mikono kifuani, ikaenda hadi mwisho wa uwanja na kurudi, na Dalia alikuwa bado pale.