Diski Iliyolala na Mbegu

Kabla ya kuichomeka, fundi Mongina aliinusa ile diski dukani mwake.

"Mama, hii SSD mlikuwa mmeiweka wapi? Inanuka moshi."

Chepkosgei akamgeukia mama mkwe wake. Rodah alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, kama mtu aliyeletwa mjini Sotik kupongezwa.

"Juu ya moto," akasema. "Darini, pamoja na mahindi ya mbegu. Kitu ya maana haiwekwi kwa kabati. Huko juu mdudu hafiki, mwizi hafiki. Tangu tuzike Kiptum, hakuna mtu ameigusa."

Mongina akaichomeka, macho kwenye kompyuta. Diski haikuonekana kwenye skrini.

"Sema kitu, dada," Chepkosgei akamwambia.

Mumewe, Kiptum, alikuwa amejirekodi akiimba jikoni kwa mamake, akisema kuta za udongo hazirudishi mwangwi. Sauti yake haikubaki kwingine popote. Binti yao Chebet, aliyezaliwa baada ya mazishi, alikuwa ameuliza asubuhi hiyo kama baba alikuwa bubu.

"Gogo, hii inashika vitu kwa chaji kidogo sana," Mongina akamwambia Rodah taratibu, akimwita nyanya kwa Kipsigis. "Na ilikuwa imezeeka. Ikikaa bila stima, chaji inavuja. Ikikaa kwa joto, inavuja mbio."

"Kumbe hata mbegu, usipoipanda inakufa," Rodah akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Nimempika mtoto wangu."

"Tuiache kwa stima kwanza. Wakati mwingine inaamka."

Wakangoja. Wingu jeusi lilikuwa limeshuka juu ya mashamba ya chai, na Chepkosgei hakubandua macho kwenye balbu. Stima ya huku, mvua ikikohoa tu, inapotea.

Diski ikaamka. Yakatokea majina matatu: Pasaka, Harusi ya Kimutai, Jaribio.

"Chagua, mama. Nikigusa moja, siwezi kukuahidi ya pili."

"Pasaka."

Ikanakili kidogo, ikakwama. Mongina akajaribu tena, akatikisa kichwa. Harusi haikufunguka kabisa. Balbu ikapepesa. Chepkosgei akashika ukingo wa meza kana kwamba ndiyo iliyobeba nguzo za stima.

"Hiyo ya jaribio! Haraka, kabla izime!"

Ilikuwa fupi. Ikaingia yote. Mongina akainakili papo hapo kwenye simu ya Chepkosgei, ndipo akabonyeza.

Kikohozi. Kigoda kikaburutwa. Kisha Kiptum, kwa Kipsigis, akijizuia kucheka: "Mama, punguza huo moto, sufuria inaniharibia wimbo."

Basi. Hakuna wimbo uliofuata.

Chepkosgei alifunika mdomo kwa leso. Balbu ikazimika, duka likaingia giza la mvua, lakini simu ilikuwa na chaji, naye akaibonyeza tena.

"Mama, punguza huo moto..."

"Nimepunguza," Rodah akajibu gizani. "Imba sasa, mwanangu. Nimepunguza."